Safu ya Ushauri: Tangi ni la kijani, fremu niipake rangi gani?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia, kwa hiyo naomba univumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo.

Nina pikipiki, Yamaha XS650 ya miaka ya sabini. Niliipata ikiwa mafungu mafungu: injini huku, fremu kule, nyaya zimekatwakatwa. Polepole nimeifikisha pazuri. Injini imefunguliwa na kufungwa upya, na vifuniko vyake vya pembeni nimevisugua mpaka vinang'aa. Rimu ni za alumini. Tangi nimeshalipaka kijani iliyokolea, likapigwa mstari mwembamba wa rangi ya maziwa kila upande, na kusema kweli hilo tangi ndicho kitu pekee kwenye mradi huu ambacho nimeridhika nacho moja kwa moja. Kiti kitakuwa kifupi, cha ngozi ya kahawia, kwa mtindo wa pikipiki za mbio za zamani. Vifuniko vya pembeni chini ya kiti sitavirudisha.

Kilichonikwamisha ni fremu. Mwanzo nilitaka nyekundu, kwa sababu niliona picha ya Moto Guzzi V7 Sport, ile ya tangi la kijani na fremu nyekundu, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani. Baadaye nikaona pikipiki nyingine zenye fremu ya rangi ya fedha, nikazipenda nazo. Mke wangu anasema niipake rangi ya maziwa ili ioane na mstari wa tangi. Nilipomtajia nyeusi rafiki yangu ninayejenga naye, alikataa katakata, akasema nyeusi ni rangi ya mtu aliyeishiwa mawazo. Kila nikilala na rangi moja naamka na nyingine.

Kuna jamaa wa rangi ya poda ambaye yuko tayari kuichukua fremu wiki hii. Rafiki yangu anasema poda ni ngumu kuliko rangi ya kupuliza na haibanduki. Fremu ilikuwa na bonde kwenye bomba moja la mbele na makovu ya kuchomelea ya zamani, tumeyajaza puti na kupiga msasa mpaka pakawa laini. Kiti bado hakijafika, na mahali pa kuweka betri tutapatafuta baadaye. Mimi nataka unitajie rangi tu, niipeleke.

Niliyekwama na fremu

JIBU

Ndugu yangu, rangi nitakutajia, tena nitaitaja kwa namba. Lakini kwanza nakuomba sana, fremu hiyo isiondoke hapo wiki hii.

Sababu ya kwanza ni puti. Rangi ya poda hurushwa ikiwa kavu, ikanasa kwenye chuma kwa nguvu ya umeme, kisha fremu nzima inaingizwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi ili poda iyeyuke na kuwa ngozi moja. Puti ya kawaida ya magari haikutengenezwa kwa joto hilo. Humo ndani inatoa gesi, inavimba, inapasuka. Isitoshe haipitishi umeme, kwa hiyo hata kabla ya oveni poda hainasi vizuri juu yake. Utarudishiwa fremu yenye malengelenge mahali palepale mlipopahangaikia kwa msasa. Zipo puti zenye chembe za chuma ndani yake zinazostahimili oveni, na kama ndiyo mliyotumia, fundi wa poda atakuthibitishia ukimwonyesha kopo. Kama siyo, una njia mbili. Ya kwanza ni kuing'oa puti yote, bonde ulijaze kwa kuchomelea na kulisawazisha, ndipo uende kwenye poda. Ya pili ni kuiacha puti ilipo na kupaka rangi ya kupuliza, ile inayochanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha, kabla ya kutumika. Kwa pikipiki yako mimi ningekwenda na ya pili, na nitakueleza ni kwa nini.

Rafiki yako hakukosea kuhusu ugumu wa poda. Kweli ni ngumu, na tabaka lake kwa kawaida lina unene wa mikroni 60 hadi 100. Lakini unene huo una gharama zake. Hufunika pembe na alama ndogondogo za fremu ya zamani, zile zinazoonyesha ni kazi ya enzi gani. Siku jiwe likiitoboa, maji yanaingia chini ya ngozi na kutu inatambaa kimyakimya huku juu kunaonekana kuzima. Na kuigusia sehemu ndogo ikalingana na nyingine ni kazi ngumu mno. Rangi ya kupuliza unaweza kuipiga msasa mahali pamoja, ukapuliza, ukasugua, pakasahaulika. Halafu kuna injini yenyewe. Pistoni mbili za XS650 zinapanda na kushuka kwa pamoja, na kila aliyewahi kuiendesha anajua mtikisiko wake. Rangi nene ikibaki kati ya fremu na vibao vya kushikilia injini, mtikisiko unaisaga, inapungua, na bolti uliyoikaza vizuri inakuwa imelegea bila mtu kuigusa. Kwa hiyo rangi yoyote utakayochagua, nyuso zote ambazo chuma kinakutana na chuma zifunikwe kwa tepu wakati wa kupuliza.

Sababu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Umesema kiti hakijafika na betri haina mahali. Hiyo maana yake fremu yako bado haijamaliza kuchomelewa. Kiti kifupi kitahitaji bomba la nyuma likatwe na pengine lipindwe, kitahitaji vishikio vyake, betri itahitaji kisanduku, taa ya nyuma kibanio, madigadi, honi, swichi ya breki, vyote vinataka mahali pa kushikia. Ukichomelea kishikio kimoja kwenye fremu iliyopakwa, rangi inaungua pande zote za bomba, na hakuna anayepaka upya sentimita chache za fremu zikafanana na zingine kwa urahisi. Unganisha pikipiki yote ikiwa chuma kitupu. Weka injini, foku, magurudumu, tangi, kiti, ekzosi, betri, pitisha nyaya, pitisha kebo, geuza usukani kushoto na kulia uone kama kuna kinachobana au kukwaruza tangi. Kata vishikio vyote vya kiwandani ambavyo hutavitumia na usawazishe mahali vilipokuwa. Ikiwezekana iwashe. Ukiridhika, ndipo uifungue tena na kuipeleka fremu kwenye rangi.

Na hilo si suala la ufundi tu. Hapo ndipo rangi yenyewe inapochagulika. Fremu uliyoitundika tupu inakudanganya, maana unaiona yote. Pikipiki ikishaungana, mabomba ya juu yanazama chini ya tangi, ya mbele yanabaki wazi yakiizunguka injini, na kwa kuwa hutarudisha vifuniko vya pembeni, ile pembetatu chini ya kiti inakuwa dirisha la wazi. Kwenye pikipiki yako sehemu ya fremu itakayoonekana zaidi ni hiyo ya nyuma, ambayo leo hata haijulikani itakuwa na umbo gani. Unataka kuvalisha kitu ambacho hakijakatwa.

Sasa rangi.

Mimi naamini fremu haichaguliwi rangi kwa uzuri wa rangi peke yake. Inachaguliwa kwa kile inachokifanya kwa vitu vilivyo karibu nayo, na cha kwanza kabisa ni injini. Injini ya XS650 ni nzuri kuitazama: silinda mbili zimesimama wima, mapezi yamepangika, vifuniko vya pembeni vya mviringo. Umetumia nguvu kuvisugua. Jiulize kila rangi unayoiwaza itaifanyia nini hiyo alumini.

Nyeusi inaifanyia injini kile wanja unachokifanyia jicho. Mabomba yanarudi nyuma, alumini inapata ukingo, na jicho linakwenda moja kwa moja kwenye chuma kinachong'aa. Inaficha oili ya cheni, inaficha nyaya, inaficha mshono wa kuchomelea usiopendeza, na ukiikwaruza leo unaigusia kesho. Ndiyo maana viwanda vingi vimeishikilia miaka na miaka. XS-1 za kwanza kabisa za mwaka 1970, mama wa pikipiki yako, zilitoka na tangi la kijani juu ya fremu nyeusi, na mpaka leo watu wanazitafuta. Kwa hiyo mwambie rafiki yako kwa heshima zote kwamba kwenye hili simuungi mkono. Aliyechagua nyeusi baada ya kutazama injini yake vizuri ana wazo kamili. Ila namwelewa anachokiogopa: nyeusi inayopakwa kwa sababu mtu hakutaka kufikiri, na pikipiki ikatoka haina neno la kusema. Hilo lipo kweli.

Rangi ya fedha niiondoe mapema. Kwenye pikipiki yenye injini iliyopakwa nyeusi inapendeza sana. Kwenye yako, yenye alumini tupu na rimu za alumini, fremu ya fedha itaimeza injini. Kutoka hatua kumi utaona wingu moja la kijivu na tangi la kijani linaloelea juu yake. Tazama Ducati 750 Super Sport ya mwaka 1974 walivyofanya. Rangi ya fedha waliiweka kwenye tangi, fremu wakaipaka kijani chenye ubuluu wa maji ya bahari, na injini ya alumini ikabaki na mahali pake pa kusimama.

Rangi ya maziwa ni nzuri na shemeji ana jicho, kwa sababu ametafuta kitu cha kuunganisha fremu na tangi, na ndivyo inavyopaswa kufikiriwa. Tatizo ni kipimo. Mstari wako unapendeza kwa sababu ni mwembamba na ni peke yake. Kijani ni kingi, maziwa ni kidogo. Ukiimwaga rangi hiyohiyo kwenye mita kadhaa za bomba, mstari unakoma kuwa pambo, unakuwa kipande cha fremu kilichopotelea kwenye tangi. Halafu fremu ya rangi nyepesi haisamehe. Mabomba yanasogea mbele yenyewe, na kila kilichofungwa juu yake kinajitangaza: waya mweusi, kebo ya klachi, kibanio cha plastiki, tone la oili chini ya injini. Anayetaka fremu nyepesi lazima apitishe nyaya ndani ya mabomba au chini ya tangi zisionekane kabisa, achomelee kwa mshono wa kuonyesha wageni, na awe tayari kufuta cheni kila anapotoka. Kiwanda cha BSA cha Uingereza kilijaribu mwaka 1971: pikipiki zake za Lightning, Rocket 3 na ndugu zake zilitoka na fremu ya kijivu cha njiwa. Mwaka 1972 kikarudi kwenye nyeusi.

Nikija kwenye nyekundu, hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa najua ndiyo iliyo moyoni mwako.

Ile V7 Sport ya 1971 ni miongoni mwa pikipiki chache ambazo fremu ya rangi kali imekubalika kabisa, na Waitaliano wanaiita kwa jina la fremu hiyo, Telaio Rosso, yaani fremu nyekundu. Lakini irudie picha yako uitazame taratibu. Kijani cha tangi lile si kijani chako. Ni chepesi, kina manjano mengi, kinakaribia ndimu bichi. Nyekundu ya fremu ni nzito kuliko tangi. Maana yake tangi na fremu vinatofautiana mara mbili: kwa rangi, na kwa wepesi na uzito. Piga picha hiyo kwa simu, kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Bado utaona wapi tangi linaishia na wapi fremu inaanzia. Sasa fikiria kijani chako kilichokolea karibu na nyekundu ileile. Ukiondoa rangi, vyote viwili vinabaki kijivu kizito kinachokaribiana. Jicho linakosa mahali pa kushika, linabakiwa na mgongano wa rangi mbili zinazopingana, na pale zinapokutana ukingo unaonekana kama unatetema. Ukiitazama dakika moja unaipenda. Ukikaa nayo gereji moja inakuchosha.

Kuna na umbo. Fremu ya V7 Sport ilichorwa na Lino Tonti, mabomba yake ni marefu yaliyonyooka, yanapita karibu kabisa na injini, na reli za chini zinafunguka kwa bolti. Ni fremu inayostahili kutazamwa yenyewe. Ya XS650 ni imara, ina mabomba mawili ya mbele yanayoshuka vizuri, lakini imejaa vibao na vishikio, na nyuma yake wewe unaibadilisha. Nyekundu ingeonyesha hayo yote. Na jua halina huruma na nyekundu nyingi. Zisipokuwa na vanishi nzuri juu yake zinafifia. Hata Guzzi wenyewe, hiyo nyekundu ilikuwa ya toleo la kwanza dogo. Zilizofuata zikapata fremu nyeusi.

Kama tangi lako lisingekuwa limepakwa, tungeweza kuanza na fremu nyekundu na kulitafutia tangi linaloifaa. Lakini umesema tangi ndilo ulilomaliza ukaridhika. Basi tangi ndilo linalotawala, na fremu ifuate.

Ushauri wangu ni huu: ipake fremu kijani cheusi. Namaanisha kijani kizito sana, cha ukoo mmoja na tangi lakini kimeshuka chini mpaka kivulini kila mtu ataapa ni nyeusi. Injini inapata ule ukingo wa giza inaouhitaji. Oili na nyaya zinafichika karibu sawa na kwenye nyeusi. Na likiwaka jua, kijani kinajitokeza kwenye mabomba, na hapo ndipo mtu anapogundua kwamba tangi na fremu vinazungumza. Kahawia ya ngozi inakaa vizuri na kijani cha namna hiyo kuliko na nyeusi tupu, ambayo wakati mwingine huifanya ngozi ionekane ya machungwa.

Kwa namba, anza na RAL 6012 na RAL 6009. RAL ni utaratibu wa namba za rangi ulioanzia Ujerumani mwaka 1927, na wauza rangi wengi wanaujua, kwa hiyo namba ina maana ileile popote utakapoitaja. 6012 ni kijani kilichokaribia kabisa nyeusi, kimeegemea ubaridi, kina kijivujivu ndani yake. 6009 ni kijani cha msonobari, kina joto zaidi na kijani chake kinaonekana mapema. Kama kijani cha tangi lako kina manjano kidogo, nadhani 6009 itashinda. Kama kimeelekea buluu, 6012. Na kwa kuwa utapuliza, si lazima uishie kwenye namba. Mchanganyaji anaweza kuchukua rangi ya tangi lako hasa na kuizamisha kwa nyeusi mpaka ufike unapotaka.

Usiamue kwa kadi ya rangi. Kadi ni bapa na fremu ni ya mviringo, na huo ndio mtego unaowanasa wengi. Tafuta vipande vitatu vya bomba vyenye unene unaokaribia wa fremu yako, vya urefu wa mkono hivi. Kimoja kipake 6012, kingine 6009, cha tatu nyeusi, vyote kwa prima (rangi ya chini inayotangulia) ileile na mng'ao uleule. Vifunge kwa waya kwenye pikipiki iliyounganishwa, karibu na silinda, chini ya tangi. Utaona kitu ambacho kadi haiwezi kukuonyesha: juu ya kila bomba unapita mstari mwembamba mweupe wa mwanga, pembeni mwa mstari huo rangi inajifunua kwa upana wa kidole, kisha upande wa chini inatumbukia kwenye giza. Kwenye bomba la 6009 ule upana wa kidole ni kijani wazi. Kwenye 6012 inabidi uusogelee. Hicho kipande chembamba ndiyo rangi utakayoishi nayo. Kilichobaki ni kivuli. Vitazame saa sita mchana, vitazame jioni, viingize ndani chini ya taa ya gereji, maana kuna kijani kinachopendeza juani na kugeuka matope chini ya taa. Mwite shemeji, mwite na rafiki yako, ila usiwatajie ipi ni ipi. Na kama baada ya kutazama hivyo jicho lako litarudi kila mara kwenye kile kipande cheusi, paka nyeusi, na usimwombe mtu radhi.

Mng'ao uwe wa wastani. Rangi isiyong'aa kabisa inavutia kwenye picha, lakini inashika grisi na alama za vidole, na huwezi kuisugua ing'ae palipochubuka kwa sababu ukisugua tu unatengeneza doa. Inayong'aa sana itaonyesha kila wimbi la puti kwenye lile bonde la bomba la mbele, hata kama mkono wako hauligundui. Wastani unasamehe, unafutika kwa kitambaa, na unafanana na chuma cha enzi hizo.

Swingiamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, upakwe rangi moja na fremu, maana jicho linauhesabu kuwa ni sehemu yake. Stendi, vishikio vya taa ya mbele na sehemu za kukanyagia ziache nyeusi. Springi za shoki nyeusi pia. Mstari wa maziwa usiuongeze popote kwenye fremu hata ukishawishiwa, uache tangini.

Kuhusu kazi yenyewe, mengi fundi wako atayajua, lakini kuna machache nisiyoweza kuyaruka. Kama fremu itapigwa mchanga, ziba kila tundu kwanza, kwa sababu punje zikiingia ndani ya bomba zinatoka polepole kwa miezi na zinaishia kwenye beringi. Chuma kilichopigwa mchanga kikiachwa wazi kinaanza kutu haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo prima ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo. Mahali pa beringi za shingo ya usukani, pa kupita ekseli ya swingiamu na kwenye nyuzi zote za bolti pafunikwe. Sehemu ya kufungia waya wa hasi wa betri ibaki chuma kitupu, ikishafungwa ndipo uipake grisi. Matatizo mengi ya umeme kwenye pikipiki zilizopakwa upya yanaanzia hapo. Namba ya fremu isifukiwe na puti wala rangi nene. Isomeke kwa macho, na kabla ya kupaka ipige picha. Mahali pengi rangi ya pikipiki nayo inaandikwa kwenye kadi ya usajili, basi ikiwa kadi yako inataja nyingine, irekebishe mapema.

Umeniuliza rangi tu, ila naona kwenye barua umetaja rangi ya fedha, nikadhani huenda siku moja utaletewa wazo la kuchovya fremu kwenye kromu. Ndugu wawili wa Rickman wa Uingereza, waliotengeneza fremu za Métisse, walichagua nikeli, na zinapendeza kwa joto lake. Kromu kwenye chuma chenye nguvu kubwa ina hatari ya kukifanya kiwe kikavu cha kuvunjika kisiposhughulikiwa kwa joto baada ya kuchovywa. Kwa fremu yenye puti na michomeleo ya zamani, usilifikirie.

Rangi itakayobaki usiitupe. Rangi ambayo haijachanganywa na hadena imimine kwenye chupa ndogo ya kioo, ijaze mpaka juu ili hewa isipate nafasi, uifunge na kuiweka gizani. Juu yake ubandike karatasi yenye mchanganyiko kamili aliotumia fundi, pamoja na jina la prima na aina ya hadena. Mabomba ya mbele yatapigwa na mawe ya gurudumu, hilo halina ubishi, na siku ukitaka kuyagusia utahitaji kijani hicho hicho.